Barafu Ilipoanguka, Mama Hakuwa na Pa Kuingia

Wajukuu wangu wameona theluji kwenye televisheni na wananiambia ni kitu kizuri. Siwakatazi. Lakini juzi tulikuwa tumekaa kwenye shughuli ya mahari, na mzee mmoja wa ukoo wetu akaanza kusimulia habari za zamani. Alipofika kwenye ile siku mvua ya mawe iliponyesha mpaka ardhi yetu ikawa nyeupe, akasimulia kwa kicheko. Alisema watoto walikula barafu. Alisema ndege waliokotwa kama kuku wa bure. Halafu akasema, "Na kuna mwanamke siku hiyo alikimbilia kitandani kwa baba mkwe wake." Watu wakacheka, na mimi nimekaa pale pale na sahani yangu magotini.

Sikumjibu kwa sababu ile haikuwa siku yangu, ilikuwa siku ya bibi harusi. Najibu hapa. Shule nilisoma miaka mitatu tu na kalamu inanichosha vidole, lakini yule mwanamke alikuwa mama yangu, na hakuna kitanda alichokimbilia.

Kwetu ni juu mlimani, ng'ambo ya Birongo ukielekea Nyamira. Baridi tulikuwa tunaijua hata kabla ya siku hiyo. Mwezi wa saba ukungu ulikuwa unalala kwenye migomba mpaka karibu saa nne, na mtu akitoka nje pumzi yake inamtangulia. Sweta hatukuwa nazo. Tulikuwa na moto. Moto wa jikoni haukuzimwa mwaka mzima; jioni unafunikwa majivu, asubuhi unafunuliwa na kupulizwa. Tulilala na mbuzi wachache ndani, wengine wakibaki zizini, kwa sababu mbuzi wanne kwenye chumba ni kama blanketi mbili. Mtoto mchanga alipakwa samli mwili mzima na kulazwa upande wa moto. Tulikunywa uji wa wimbi ukiwa moto hata ulimi ukalalamika. Siku hizi mtu akihisi baridi anafunga dirisha. Sisi tulikuwa na kazi ya baridi kama tulivyokuwa na kazi ya shamba.

Ilikuwa miaka ya baada ya vita vya pili. Wanaume waliochukuliwa vitani walikuwa wamesharudi, na wengine, kama baba yangu, wakawa wameondoka tena kwenda Kericho kwenye mashamba ya chai ya Wazungu. Baba alipoondoka paa la nyumba yetu lilikuwa limechoka. Nyasi zilikuwa zimeoza upande wa juu, na mvua ikinyesha tulikuwa tunahamisha vyungu. Kwetu kuezeka ni kazi ya mwanamume. Mwanamke akipanda juu ya paa watu husema anamtakia mumewe kifo. Kwa hiyo baba alimwachia kazi hiyo kaka yake mkubwa, ambaye tuliishi naye boma moja, na kaka yake akakubali mbele ya watu.

Mama alimkumbusha baba mkubwa mara ya kwanza. Akasema nyasi bado fupi. Akamkumbusha mara ya pili. Akasema subiri tuvune wimbi. Mara ya tatu mama alikuwa na tumbo kubwa hata kuinama hawezi, na baba mkubwa akamwambia, "Wewe unataka kuzaa au unataka paa? Fanya moja kwanza."

Akafanya moja. Akamzaa mdogo wangu wa kike, na siku ya tatu mawe yakaanguka.

Kabla sijafika hapo, nimweleze mtu asiye wa kwetu jambo moja, la sivyo hataelewa kwa nini nina hasira mpaka leo. Sisi tuna kitu tunachokiita chinsoni. Ni heshima na ni aibu, vyote pamoja. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe hata ikiungua. Mke wa mwana haingii mahali anapolala baba mkwe wake, hagusi ngozi yake ya kulalia, hakai kwenye kigoda chake. Wakizungumza, kila mmoja anatazama upande wake, na kama kuna mtoto karibu maneno yanapitia kwa mtoto. Mimi sisemi hiyo ni sheria mbaya. Ilimlinda mwanamke ambaye mume yuko mbali, na nimewaona wanawake wa siku hizi ambao wangefurahi kulindwa hivyo. Ninachosema ni kwamba kuna watu wanaoshika sheria kwa mikono, na kuna wanaoishika kwa meno.

Kati ya babu na mjukuu hakuna chinsoni. Mjukuu anaingia, anatoka, anakula mabaki, anamtania babu yake meno yalikoenda. Babu yetu alikuwa mjane. Nyumba yake ilikuwa ndogo, iko karibu na lango, imeezekwa nene kama nywele za mtu asiyenyoa, na ndani kulikuwa na gogo la mti mgumu lililowaka mwaka baada ya mwaka. Likiisha anasogeza lingine. Mimi nilipewa jina la mama yake, marehemu, kwa hiyo babu hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita mama. Na hakuwa anatania. Nikimpelekea uji aliupokea kwa mikono miwili, na nikimwambia anywe wote alikunywa wote, maana amri ilitoka kwa mama yake. Kwetu jina linakuja na mwenyewe. Kila mtu anajua hivyo.

Siku hiyo baba mkubwa alikwenda soko la Keumbu tangu asubuhi. Bomani tulibaki mama na kichanga chake, mimi, mama mkubwa ambaye ni mke wa baba mkubwa, na babu. Saa tisa mchana wingu likaja kutoka upande wa Nyamira, halikuwa jeusi. Lilikuwa na rangi ya jeraha linalopona. Ng'ombe walilala chini wenyewe. Mama alikuwa kitandani, akaniambia niingize kuni.

Nilifika nazo mlangoni. Jiwe la kwanza lilinipiga begani nikafikiri ni mtu amenirushia. Halafu yakaja yote. Mimi nimesikia mvua ya mawe mara nyingi maishani, huku kwetu si ajabu, inakuja dakika kumi na kuharibu sukumawiki. Hii haikuacha. Mawe mengine yalikuwa kama punje za mahindi na mengine kama mayai ya njiwa, na sauti yake kwenye migomba ilikuwa kama watu mia wanaopasua kuni bila kupumzika. Nilimwita mama naye alikuwa anafungua mdomo kunijibu na sikusikia neno.

Paa likashuka upande wa juu, pale pale palipooza. Halikuanguka kwa kishindo. Lilikaa chini polepole kama mtu mnene, na barafu ikaingia nyuma yake kwa mapipa. Iliangukia mafiga. Moto ukalia mara moja na kufa. Mama alikuwa amemlaza mtoto chini yake akaegemea kwa viwiko na magoti, mgongo juu, na mawe yakampiga mgongoni. Mzazi wa siku tatu. Mimi nilimfunika na ungo. Ungo ule ulitoboka.

Yalipoacha kulikuwa na kimya ambacho sijakisikia tena. Nilitoka. Kila kitu kilikuwa cheupe mpaka kilima cha pili. Migomba ilikuwa imebaki vigogo vyenye nyuzi. Wimbi tuliyokuwa tumengojea kuvuna wiki ile haikuwepo. Hata majani yake hayakuwepo, ilikuwa imepigwa mpaka ikaingia ardhini. Barafu ilinifika kwenye vifundo vya miguu, na kwenye mtaro ilikuwa imefika magotini. Nilikuwa sijavaa kiatu maishani mwangu. Nilikimbia hatua kumi nikarudi nikilia kwa maumivu, mama akanifunga miguu kwa majani makavu ya migomba tuliyokuwa tunatandika chini ya vyungu, na hivyo ndivyo nilivyotembea siku hiyo. Kama kuna mtoto alikula barafu na kufurahi, huyo hakuwa wa kwetu.

Mama hakuweza kukaa ndani ya nyumba isiyo na paa, juu ya kitanda kilichojaa barafu. Alitoka amemfunga mtoto kifuani kwa kitambaa kilicholowa. Tukaenda kwa mama mkubwa. Nyumba yake iko mteremkoni, na maji ya barafu yalikuwa yameingia kwa mlango wa nyuma na kutoka kwa mlango wa mbele. Moto wake umezimika. Mwenyewe amesimama juu ya kinu.

"Usiingie," akamwambia mama, "labda kama unataka kuogelea."

Nikatumwa kwa babu kuomba makaa. Kwa babu moto ulikuwa unawaka kama hakuna lililotokea. Alinipa makaa matatu kwenye kigae, akayafunika na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Nikayapeleka kwa mama mkubwa, tukayaweka kwenye mafiga yaliyolowa, tukapuliza mpaka tukaona nyota. Yakatoa moshi, yakafa. Nikarudi mara ya pili. Yakafa tena. Kuni zote za boma zilikuwa zinatoa maji. Majirani wa karibu walikuwa ng'ambo ya kijito, na kijito kilikuwa kimegeuka mto unaobeba barafu na matawi. Mtu mzima asingevuka, sembuse mzazi.

Mara ya tatu babu hakunipa makaa. Alikuja mpaka mlangoni kwake, akageuza uso kwenye ukuta. Mama alikuwa amesimama uani hatua chache kutoka pale. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na alikuwa ametetemeka mpaka ameacha kutetemeka, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Mama," babu akaniita mimi, "mwambie mama wa mtoto akupe mtoto umlete kwenye moto."

Nikageuka. "Mama, babu anasema..."

"Nimesikia. Mpeleke."

Nikamchukua mdogo wangu. Alikuwa baridi kama chura. Babu alimpokea, akampaka samli, akamlaza kwenye ngozi karibu na gogo, na baada ya muda akaanza kulia. Nilifurahi kumsikia akilia. Lakini alikuwa analilia ziwa, na ziwa lilikuwa nje.

"Mwambie babu yako," mama akasema kutoka uani, sauti ndogo, "nitakaa chini ya ukingo wa paa. Akilia umlete nimnyonyeshe, kisha umrudishe."

"Babu, mama anasema..."

"Nimesikia," babu akasema. Kisha akachukua fimbo, akalisukuma figa moja la moto mpaka nje ya mlango, likaenda likichemsha barafu mpaka karibu na miguu ya mama. "Mwambie jiwe halina chinsoni. Aote."

Jiwe lile lilipoa kabla sijahesabu vidole vyangu vya mikono. Akasukuma la pili. Nalo likapoa. La tatu hakulisukuma.

Mama mkubwa alikuwa amekuja, amejifunika gunia kichwani. Aliona mama anavyoyumba. "Jikaze," akamwambia. "Baridi inaisha. Aibu haiishi."

Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na moja au kumi na mbili na nilitaka kumpiga.

Hapo ndipo babu alipofanya alilofanya. Akatoka na kigoda chake akakiweka kwenye barafu. Akarudi akatoa fimbo yake na mkuki. Akatoa chupa ya ugoro. Akatoa mrija wake mrefu wa kunywea pombe na wazee. Akamwinua mtoto, akanipa, akaviringisha ngozi yake ya kulalia, akaitoa na hiyo. Akavunja kitanda, maana kilikuwa cha fito tu, akazitupa nje fito zote. Alipomaliza hakukuwa na kitu ndani isipokuwa moto na kuta. Kisha akasimama uani, mgongo kwa mama, akasema kwa sauti ya kikao:

"Mama, nyumba hii nimekupa. Tangu sasa si yangu. Mimi sina nyumba hapa. Kama una mgeni, mkaribishe."

Mama mkubwa akashusha gunia. "Baba, unampa nyumba mtoto wa kike?"

"Simpi mtoto. Nampa aliyenizaa."

"Na wewe utalala wapi?"

"Nitawaomba mbuzi. Hao hawaitishi kikao."

Nikabaki mlangoni na mtoto mikononi. Mama alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu mzima, wala na mume wangu, wala na hakimu.

"Ni nyumba ya nani?" akaniuliza.

"Yangu."

"Sema vizuri."

"Ni nyumba yangu. Ingia, mama."

Akaingia. Alikanyaga kizingiti taratibu kama mtu anayeingia kwa wakwe siku ya kwanza. Akakaa chini sakafuni, mahali ambapo hapakuwa na ngozi ya mtu wala kigoda cha mtu, akamweka mtoto kwenye ziwa. Hicho ndicho kitanda alichokimbilia. Sakafu. Na nisisahau kusema: mama mkubwa naye aliingia nyuma yake, akanyoosha miguu kwenye moto mpaka rangi ikarudi, na hakuniomba ruhusa.

Babu alilala kwenye zizi la mbuzi na ngozi yake. Barafu ilikuwa bado kwenye mitaro asubuhi, imeshikana kama chumvi ya mawe.

Baba mkubwa alirudi kutoka Keumbu siku ya pili mchana. Alikuwa amejikinga kwenye baraza ya duka, amekula, hajalowa. Akaona paa la nyumba yetu limekaa chini. Akaona babu anatoka zizini na kinyesi cha mbuzi kwenye ngozi yake ya kulalia. Akaona mama anatoka kwenye nyumba ya babu. Mtu mwenye haya angeanza na lile paa. Yeye alianza na mama. Siku hiyo hiyo akaenda kuwaita wazee wa ukoo. Mvua ya mawe ilikuwa imemaliza chakula cha watu wote, nyumba zimetoboka kila kilima, na wazee walipata nafasi ya kuja kukaa kwenye nyasi za lango letu kujadili mahali mwanamke mmoja alipoota moto.

Mama hakuruhusiwa kukaa karibu. Alisimama nyuma ya ghala. Mimi nilikaa karibu na babu kwa sababu nilikuwa mjukuu, na pia, nilivyoona mimi, kwa sababu nilikuwa mwenye nyumba.

Mzee mkubwa wa kikao, aliyekuwa na jicho moja bovu, alisema jambo ni jepesi. Chinsoni imevunjwa, kwa shida, si kwa ubaya. Mzee atoe mbuzi, achinjwe, boma lisafishwe, naye arudi kulala nyumbani kwake.

"Sina nyumba," babu akasema.

"Ile pale."

"Ile ya mama yangu."

Wakacheka. Baba mkubwa akacheka zaidi. "Msichana hana nyumba kwa baba yake," akasema. "Kesho ataolewa aende. Hilo lilikuwa kimbilio la maneno tu."

Babu akamgeukia. "Huyu mtoto alipozaliwa, nani alimpa jina?"

"Wewe."

"Ninyi mlikuja mkala. Mlisema mama amerudi. Au mlikuwa mnakula tu?"

Yule mzee wa jicho moja akajikuna goti. Akasema jina ni jina na nyumba ni nyumba. Akasema chagua, mzee: toa mbuzi urudi ndani, au shikilia maneno yako ubaki nje.

"Nabaki nje," babu akasema.

Watu walimwona mkaidi. Mimi pia, kwa utoto, nilimwomba jioni ile arudi tu, mbuzi tunao, mmoja ni nini. Akanieleza, mara moja, na hakurudia. "Mama, nikitoa mbuzi nimesema nyumba ni yangu. Nikisema nyumba ni yangu, yule mama wa mtoto alilala kwangu. Wataimba hivyo kwenye pombe mpaka mtoto wake azeeke. Mimi baridi nitaizoea."

Hakuizoea. Alilala zizini miezi miwili, na ulikuwa msimu wa mvua. Kila mara wanaume wa ukoo walipopita njiani walimwita. "Mzee, mbuzi wanasemaje?" Na yeye akawajibu, "Wanauliza mlipika nini." Wakacheka wakaenda zao. Hakuna aliyesimama kumwekea nguzo moja. Wote walikuwa wanarekebisha mapaa yao, sawa, lakini jirani aliyekuwa hana ugomvi na wazee alirekebishiwa na watu kumi siku moja. Walikuwa wanamngojea achoke. Mtu mzima na akili zake anakaa kwake kwenye joto, anangoja mzee mwenzake achoke kulala na mbuzi, ili apate mfupa wa kutafuna. Mnaniambia nisiwe na hasira.

Babu akaanza kukata nguzo za nyumba mpya mwenyewe, mbili kwa siku, siku nyingine moja. Mama alipopata nguvu akamfunga mdogo wangu mgongoni akaanza kukanyaga udongo. Kukandika ukuta ni kazi ya wanawake, hapo hakuna mzee angeweza kusema kitu, ingawa walijaribu kwa macho. Babu alijenga upande wa lango naye mama alikandika upande wa pili, na mimi nilibeba maji na maneno. "Mwambie nguzo ile imeinama." "Mwambie nimeiona." Mama mkubwa alipita akatutazama.

"Unamjengea mwanamume nyumba," akamwambia mama.

"Namjengea babu wa watoto wangu," mama akasema. "Wewe ulipoota moto wake ulisema ni wa nani?"

Tangu siku ile mama mkubwa alipitia njia ya juu.

Baba alikuja kutoka Kericho nyumba ikiwa na kuta na haina kichwa. Watu walikuwa wamemwambia njiani yale waliyotaka ayasikie. Alifika uani akasimama, akatazama paa lake lililoanguka, akatazama zizi, akamtazama kaka yake mkubwa kwa muda mrefu. Hakupiga mtu. Aliweka mzigo chini akaanza kukata nyasi, na ya babu ndiyo aliyoezeka kwanza. Babu alilala ndani ya nyumba mpya wiki hiyo, lakini alikuwa ameshaingia na kikohozi, na kikohozi hakitoki kwa kuonyeshwa mlango.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, ukungu ulipokuwa unalala mpaka saa nne, babu akafa. Ugonjwa wake ulikuwa kifuani. Hospitali ilikuwa mbali na yeye alikataa kubebwa. Mimi najua ni nini kilichomuua, na haikuwa mvua ya mawe.

Ukoo wote ukaja. Kwetu mwanamume anazikwa upande wa kulia wa nyumba yake, na asubuhi ile wanaume wakasimama na majembe wakibishana ni nyumba ipi. Baba mkubwa alikuwa na neno lake tayari. Alisema mzee ana nyumba moja tu, ile ya lango, ile aliyokaa miaka yote. Ile nyingine ni kibanda cha hasira. Nilimwelewa hata mimi. Wangemzika kando ya ile ya lango, kaburi lingesimama pale kama shahidi kwamba nyumba haikutoka mikononi mwake, na mama angekuwa alilala kwa baba mkwe wake mpaka mwisho wa dunia. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na mdogo wangu mgongoni. Baba alikuwa anafungua mdomo. Yule mzee wa jicho moja akamwinulia mkono.

"Usiku wa mwisho alilala wapi?" akauliza.

"Ile mpya," mtu akasema.

"Na ule wa kabla ya huo?"

"Hapo hapo."

Mzee akatazama nyumba ya lango. Akanitazama mimi. Hakusema amekosea. Sijasikia hata mmoja wao, mpaka walipokufa wote, akisema mama yenu hakukosea, au tulimwacha mzee nje bila sababu. Alichukua jembe kutoka kwa kijana aliyekuwa karibu naye, akatembea nalo mpaka kwenye nyumba mpya, upande wa kulia, akapiga la kwanza mwenyewe. Baba mkubwa akabaki alipokuwa. Wengine wakamfuata mzee.

Mama aliliona jembe likiingia udongoni. Alingoja mpaka liingie mara ya pili na ya tatu, kisha akageuka akaingia jikoni kuwapikia.